Nepi ya Kitambaa na Nepi ya Kutupa: Hesabu ya Mshahara wa Askari

Mtoto anapozaliwa kambini, iwe Bombo, Mbuya au Nsambya, mshahara wa baba hupata mdai mpya asiyejua tarehe ya mwisho wa mwezi. Kuna maziwa, kuna dawa, na kuna nepi. Juu ya hiyo nepi ndipo tunapokusudia kusimama leo, kwa kuwa askari wengi hawajapata kuketi na kalamu wakaijumlisha.

Wazazi wetu walipasua kanga na mashuka makuukuu wakayafanya winda. Siku hizi dukani kumejaa nepi za kutupa, ambazo kila mtu huziita pampasi, jina lililotokana na Pampers za kampuni ya Marekani ya Procter & Gamble. Zilipojaribiwa mjini Peoria mwaka 1961, ziliuzwa senti 10 za dola kila moja, na wanunuzi wakazikataa kwa ughali. Basi lawama ya bei si jambo geni.

Tufanye hesabu kwa bei za mfano, na kila msomaji aweke bei za duka lake. Mtoto atumie nepi 6 kwa siku katika miezi 6 ya kwanza, kisha 4 kwa siku hadi atimize miaka 2. Hizo ni nepi 3,280. Kwa shilingi 800 kila moja, twapata shilingi 2,624,000. Anayenunua moja moja katika kibanda cha langoni, kwa kuwa hana fedha za kununua pakiti nzima, hulipa zaidi ya hapo.

Nepi za kitambaa 24 kwa shilingi 5,000 ni 120,000, na chupi 6 za plastiki za kuzifunika ni 24,000. Wengi huishia hapo wakashangilia. Lakini nepi ya kitambaa hula kila siku: miche 2 ya sabuni kwa mwezi, shilingi 12,000, ambayo kwa miaka 2 ni 288,000, jerikeni 3 za maji kwa siku, kwa shilingi 200 kila moja, ni 438,000, mkaa wa kuchemshia wa shilingi 500 kwa siku ni 365,000. Jumla ni 1,235,000. Ni chini ya nusu ya gharama ya zile za kutupa, na penye bomba lisilolipiwa hushuka hadi 797,000.

Hata hivyo hesabu hii ina tundu, nasi hatutaki kulificha. Hatukuandika ujira wa mfuaji. Akilipwa shilingi 3,000 kwa siku, miaka 2 itadai 2,190,000, na kitambaa kitapanda hadi 3,425,000, kikaipita nepi ya kutupa. Kwa hiyo unafuu wote tuliouona hapo juu umo mikononi mwa mama, ambaye hakuna amlipaye. Askari aliyefundishwa depoo kufua na kupiga pasi sare yake hawezi kudai kwamba beseni limemshinda. (Tunajua baadhi watacheka, na wacheke wakiwa wanasuuza.)

Tena nepi ya kutupa haitoweki ikitupwa. Ikitumbukizwa chooni hunyonya maji, huvimba na kujaza shimo upesi. Ikichomwa, plastiki yake hutoa moshi mbaya. Jaa la Kiteezi, karibu na Kampala, liliporomoka Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30, na takataka zetu zote huishia mahali pa namna hiyo. Huko Uingereza, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba faida ya kitambaa kwa mazingira hutegemea jinsi kinavyofuliwa: kikaushio cha umeme huiharibu, kamba ya kuanikia huikuza. Sisi jua tunalo bure, isipokuwa majira ya mvua, ambapo nepi 24 huonekana chache mno.

Kwa ajili ya majira hayo, na kwa usiku, ambapo nepi ya kutupa humweka mtoto mkavu kwa muda mrefu zaidi, ipo njia ya kati. Nepi moja ya kutupa kila usiku kwa miaka 2 ni shilingi 584,000. Ukiijumlisha na gharama zote za kitambaa bila kupunguza hata mche mmoja wa sabuni, utapata 1,819,000, na bado shilingi 805,000 zimebaki mfukoni. Amri ya uhamisho ikifika, nepi za kitambaa huingia sandukuni pamoja na sare, zikamngojee mtoto wa pili.