Mgeni wa usiku katika mahindi ya Naitiri

UKITAJIWA nondo, msomaji, pengine unamwaza yule mdudu wa kijivu anayezunguka taa ya sebuleni wakati wa mvua, au yule anayelaumiwa kwa matundu ya sweta iliyokaa kabatini tangu baridi ya Julai. Wengi wetu tunaoishi mijini hatuna habari naye zaidi ya hapo. Mtoto humkimbiza na kandambili, mama akazima taa, yakaisha.

Hebu leo tumwangalie nondo mmoja ambaye huenda hujawahi kumwona, lakini amekwisha kula kwenye sahani yako. Kabla ya mwaka wa 2017 hakuwa katika orodha ya wadudu wanaojulikana Kenya. Sasa yuko karibu kila mahali panapopandwa mahindi. Na kama una nyanya, mjomba au shangazi anayelima kule Naitiri, muulize. Hatahitaji kamusi kukueleza.

Naitiri iko katika eneo bunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma, upande ule unaopakana na Trans Nzoia. Ni sehemu ya nchi iliyokuwa ya mashamba makubwa ya walowezi, na baada ya uhuru wakulima wadogo wakapewa makao humo. Huko mahindi hayapandwi pembeni mwa kitu kingine. Mahindi ndiyo shughuli yenyewe. Mvua ya Machi ikigusa udongo, mambo mengine yote hungoja. Gunia la mahindi ndilo karo, ndilo nauli ya kijana anayesoma chuo Nairobi, ndilo mchango wa harusi na wa matanga. Mzazi huhesabu watoto walio shuleni, kisha akahesabu magunia, na hesabu hizo mbili zisipolingana usiku huwa mrefu.

Ni katika msimu huo wa kupanda, Machi 2017, ndipo habari za kiwavi wa ajabu zilipoanza kutoka magharibi mwa Kenya: Busia, Bungoma, Trans Nzoia. Mahindi yaliyofika magotini yalionekana kama yamepigwa risasi. Majani yalikuwa na matundu yaliyojipanga mstari, na ndani ya moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapochomoza yakiwa yamejikunja, palijaa uchafu unaofanana na unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala. Ukiyafunua majani hayo, kiwavi huyo hapo.

Wakulima hawakushangaa mara moja, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Viwavi si wageni shambani. Wapo wale wa kienyeji watoboao mabua, ambao babu zetu waliwajua. Wapo viwavijeshi wa Kiafrika, wale weusi wanaotembea makundi kwa makundi baada ya mvua, wakala nyasi na nafaka kwa siku chache, kisha wakageuka nondo na kuondoka na upepo. Mkulima mwenye uzoefu alimtazama huyu mpya akamwita kwa jina la mmoja wa hao wa zamani, akachukua dawa ile ile ya zamani. Dawa ikanyunyizwa, pesa zikatoka, kiwavi akaendelea kula.

Kumbe huyu alikuwa mwingine kabisa. Wataalamu humwita Spodoptera frugiperda. Kwa Kiswahili amepewa jina la kiwavijeshi vamizi. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, pamoja na KEPHIS, lile shirika linalochunga afya ya mimea nchini, yalithibitisha kwamba ndiye.

Hapa, msomaji, inafaa tutofautishe mambo mawili ambayo huchanganywa hata na waandishi wa magazeti. Nondo anaweza kuwa mpya kwa sayansi, yaani hakuna mtu popote duniani aliyewahi kumpa jina. Au anaweza kuwa mpya kwa nchi tu: ana jina, ana picha vitabuni, ila hajawahi kuonekana hapa. Kiwavijeshi vamizi ni wa aina hii ya pili. Mwingereza James Edward Smith alimwandika mwaka wa 1797, kutokana na wadudu wa jimbo la Georgia, Marekani. Neno frugiperda ni la Kilatini, na maana yake inakaribia "mpoteza mazao". Kwa miaka zaidi ya 200 alibaki kuwa balaa la mabara ya Amerika. Mnamo Januari 2016 akazuka Nigeria, na mwaka huo huo akathibitishwa Benin, Togo na visiwa vya Sao Tome na Principe. Mwaka mmoja na kitu akawa mlangoni mwetu. Nondo mzima anaweza kusafiri karibu kilomita 100 kwa usiku mmoja upepo ukimsaidia, na hasimamishwi Malaba kuonyesha cheti.

Unathibitishaje kwamba mdudu ni mgeni? Kumtazama na kutikisa kichwa hakutoshi. Kiwavi hulelewa mpaka awe nondo, kwa sababu vitambulisho vingi viko kwenye mabawa. Nondo hukaushwa, akadungwa pini, akalinganishwa na wenzake waliohifadhiwa. Kwa kuwa jamii hii ina ndugu wanaofanana kama mapacha, mtaalamu hulazimika kukata sehemu za uzazi na kuzitazama kwa hadubini, maana hizo hazifanani. Siku hizi pia kipande cha DNA husomwa na kulinganishwa na kumbukumbu za dunia nzima. Ndivyo wale wa Afrika Magharibi walivyotambuliwa mwaka wa 2016. Kazi hiyo haiwezekani bila makabati yenye wadudu wa zamani, yale ambayo ukiyaona katika jumba la makumbusho unapita haraka kwenda kutazama nyoka.

Kitale na watu wa nyavu

Naitiri haiko mbali na Kitale, na Kitale ina historia yake katika mambo haya. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa viumbe kuliko siasa, alikusanya wadudu, ndege na vitabu tangu utotoni, na mwaka wa 1926 akaanzisha makumbusho yake binafsi. Alipofariki mwaka wa 1966 aliacha mkusanyiko huo pamoja na fedha, na jengo la makumbusho ya Kitale likafunguliwa Desemba 1974. Jirani yake, T.H.E. Jackson wa Kapretwa, miteremkoni mwa Mlima Elgon, alikuwa bingwa wa vipepeo na aliwafunza vijana wa Kiafrika kazi ya kukusanya.

Watu hao walitafuta kiumbe kipya kwa nyavu, kwa taa na shuka nyeupe iliyotundikwa usiku, kwa subira ya miaka. Nondo mgeni aliyekuja kugusa watu wengi kuliko wote hakukutwa kwenye shuka. Alikutwa na watu wenye jembe, kwenye mistari ya mahindi, na wengi wao hawakujua kwamba walichokiona ni habari ya kitaifa. Mimi naona hapo pana funzo kwa ofisi zetu za kilimo, ambazo mara nyingi humsubiri mkulima aje mjini na kiwavi wake kwenye karatasi ya nailoni.

Mtambue basi. Mtazame kiwavi aliyekomaa kichwani: utaona alama ya rangi hafifu iliyo kama herufi Y iliyopinduliwa miguu juu. Kisha nenda karibu na mkia. Pingili moja ina madoa manne meusi yaliyokaa pembe nne kama mguu wa meza ulivyo na wenzake. Alama hizo mbili zikiwa pamoja, usibishane. Nondo mwenyewe ni mdogo, mabawa yakitandazwa hayafiki sentimita nne, wa rangi ya majivu na kahawia. Dume ana doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Hungemfikiria kuwa mharibifu.

Jike hutaga mayai 100 hadi 200 kwa mara moja, akayafunika kwa manyoya ya mwili wake yakaonekana kama pamba chafu juu ya jani. Katika maisha yake ya siku kumi hivi anaweza kutaga 1,500. Siku mbili tatu, viwavi wanatoka. Wakishashiba huanguka udongoni na kugeuka pupa (si pupa ile ya haraka tunayokatazwa, ni usingizi wa mdudu kabla ya kupata mabawa), na mwezi mmoja unatosha kuanza upya. Yule wa Kiafrika huja na kuondoka. Huyu anakaa, mradi kuna mhindi uliosimama mahali fulani.

Alikula kiasi gani? Watafiti wa mahindi walipowauliza wakulima wa Kenya baada ya misimu ya kwanza, makadirio yalikuwa karibu theluthi moja ya mavuno ya mwaka, takriban tani milioni moja. Ziweke kwenye magunia ya kilo 90 utapata zaidi ya milioni 11. Lakini tusimsingizie. Unakumbuka mwaka ule wa 2017 bei ya unga ilivyopanda mpaka serikali ikaleta pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90, na watu wakapanga foleni madukani? Njaa ile ilikuwa matokeo ya ukame wa mwaka wa 2016. Nondo alikuta mgonjwa tayari kitandani.

Jivu, sabuni na nyigu

Katika hofu ya mwanzo, watu walijaribu kila kitu. Wengine walimimina mchanga au jivu katika moyo wa mhindi, wengine sabuni ya unga ya kufulia. Msomaji wa mjini anaweza kucheka, ila jivu na mchanga si upuuzi: humkwaruza kiwavi mdogo na kumziba. Walioumia zaidi ni walionyunyiza dawa kali mchana wa jua, kiwavi akiwa chini kabisa ya kile kizibo chake cha uchafu ambako dawa haifiki. Hutoka kula jioni na alfajiri, na anayepatikana kwa urahisi ni yule mchanga. Wakikomaa, unanunua dawa ya kumwogesha tu. Isitoshe, pampu ya mgongoni bila glavu wala kitambaa puani humdhuru anayeibeba kabla ya kumdhuru mdudu.

Msaada mwingine ulitoka kwa wadudu wenyewe. Kituo cha icipe kilichoko Kasarani, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, kilikuwa kimekwisha kuwafundisha wakulima wa magharibi mbinu ya Vuta-Sukuma dhidi ya viwavi watoboao mabua na lile gugu la kayongo. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, harufu yake ikawafukuza nondo, na nyasi za mifugo huzunguka shamba zikiwavuta nje. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba mashamba ya namna hiyo, Kenya, Uganda na Tanzania, yalikuwa na viwavijeshi vamizi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko yenye mahindi matupu. Na ng'ombe anapata majani.

Halafu kuna nyigu mdogo sana, nusu milimita tu, aitwaye Telenomus remus. Yeye hutaga ndani ya yai la nondo, na badala ya kiwavi anatoka nyigu. Amerika hufugwa kwa kazi hiyo, na wataalamu walikuwa wakifikiria kumleta. Walipoyachunguza mayai yaliyokusanywa mashambani Afrika, Kenya ikiwemo, wakamkuta yumo tayari. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 2019. Waliomfuata mgeni mmoja wakamgundua wa pili, ambaye hakuna aliyekuwa amemwandika barani.

Wageni hawajaisha. Miaka michache kabla ya huyu wa mahindi, nondo mwingine wa Amerika Kusini, Tuta absoluta, aliingia kupitia kaskazini mwa nchi na kuvamia nyanya. Ukiona tundu dogo na njia nyeusi ndani ya nyanya ya sokoni, huenda ni yeye. Kwa hiyo wewe mwanafunzi unayekwenda mashambani likizo ya Aprili, unayo kazi. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakali, pita kwenye mistari na ufunue mioyo ya mahindi machanga. Mayai yaliyo kama pamba yapondeponde kwa vidole. Ukimkuta kiwavi usiyemfahamu, mpige picha kichwani na mkiani, mtie kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa pamoja na jani la mmea uliomkuta akila, andika tarehe na mahali, kisha umpelekee afisa wa kilimo au kituo cha KALRO Kitale. Ila kila mmoja na chupa yake. Kiwavijeshi vamizi humla ndugu yake. Ukiwafungia wawili jioni, asubuhi utamkuta mmoja, amenenepa.