Baiskeli ya kwanza: Acha rangi, kagua ringi!

NIANZE na wewe kijana wa Lindi mjini au Kilwa Masoko, ambaye kila asubuhi unampa mtu wa bodaboda hela ya kwenda kazini, na jioni unampa tena ya kurudi. Kaa chini upige hesabu ya mwezi mmoja tu. Ukimaliza kushika kichwa, rudi hapa tuzungumze baiskeli.

Sizungumzii lile lichuma la kuazima kwa jirani, ambalo ukilipanda lazima mguu mmoja uwe tayari kuwa breki. Nazungumzia baiskeli yako, ya maana, ya kwanza.

Zamani kuchagua hakukuwa kazi. Kulikuwa na Raleigh ya Mwingereza kwa wenye nazo, Phoenix ya Mchina, Hero na Avon za Mhindi, na Swala yetu wenyewe ya kiwanda cha NABICO, Dar es Salaam. Zote karibu sura moja: ringi 28, fremu ndefu, breki za fimbo. Ulichobakiwa nacho ni kuchagua rangi, na rangi yenyewe mara nyingi nyeusi. Tena kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mtu wa kusini aliyetoka Dar alisubiri kivuko pale Ndundu kuvuka Rufiji, na masika yakikolea ndiyo basi tena. Aliyefika na baiskeli mpya juu ya basi alipokewa kama bwana harusi.

Leo mambo yamegeuka. Ipo mitumba ya Japani, ipo ya Uholanzi, zipo mpya za gia kibao zenye springi mbele na nyuma. Na wauzaji nao, jamani, maneno wanayo!

Mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipata kazi Masoko, akapanga chumba mbali na ofisi. Akaweka akiba miezi minane. Siku moja akanifuata.

"Shikamoo mjomba. Nataka unisindikize Kariakoo nikanunue baiskeli. Ila mama asijue kwanza."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema mama kishamwambia mtoto wa kike na baiskeli ni mambo ya kutazamwa na mtaa mzima, na baibui likiingia kwenye cheni ataletwa nyumbani na watu. Hilo la kutazamwa mimi sina habari nalo. Mtaa hata ukitembea kwa miguu utakutazama. Hilo la baibui lakini lina ukweli, na halimalizwi kwa kubishana na mama. Linamalizwa kwa kununua baiskeli inayofaa.

Tulipofika, macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye moja nyekundu, springi kila mahali. Muuzaji akaliona hilo kabla yangu. "Dada, hiki chombo! Gia ishirini na moja!"

Mimi nikachuchumaa. Mfukoni nilikuwa na kipande cha sumaku, kifaa cha bei rahisi kuliko vyote na watu hawakitumii. Chuma kinashika sumaku, alumini haishiki. Ringi zilishika: chuma kilichopakwa kromu. Kwa mtu wa pwani hilo ni jambo zito, kwa sababu ringi ya kromu ikilowa, breki za mpira zinateleza tu, na chumvi ikishaitoboa kromu, kutu inazitafuna breki zenyewe. Ya alumini inakamata vizuri zaidi hata kwenye mvua.

Nikaigeuza juu chini. Pale zinapokutana bomba za fremu, karibu na pedali, rangi ilikuwa imevimba vipele. Kipele kwenye rangi maana yake kutu iko kazini chini yake. Nikabana breki ya mbele, nikaisukuma mbele na nyuma: usukani ukagonga ko! ko! Nikashika mkono wa pedali, nikauvuta kuja kwangu: unacheza. Na hizo springi za bei poa ni uzito wa kubeba bure.

"Mzee wangu, hayo fundi anakaza dakika tano," akasema muuzaji. Nikamwambia basi amwite fundi akaze, nasi tutasubiri. Hakumwita.

Pembeni ilikuwepo ya Kijapani, rangi ya jivu, kikapu mbele, bomba la juu limeshuka chini. Mpwa akanuna: "Hiyo ya mabibi, mjomba." Nikamwambia aipande kwanza. Fremu ya namna hiyo hurushi mguu, unapita tu, hata na kanga. Cheni ilikuwa imefunikwa na boksi lake. Ringi alumini. Nikazungusha magurudumu nikitazama nafasi kati ya ringi na breki: halikuyumba. Akazunguka uwanja mara mbili, akarudi kimya. Tukapandisha siti mpaka kisigino chake kikikaa kwenye pedali ya chini, goti linanyooka.

Kabla ya kutoa hela, soma ubavu wa tairi. Pale palikuwa na namba 37-590. Namba ya pili ndiyo kipenyo cha ringi, kwa milimita, pale tairi linapokaa. Mtaani hiyo inaitwa "26", na ile nyekundu ya springi nayo inaitwa "26", lakini yake ni 559. Haziingiliani ng'o! Vilevile "28" ya Phoenix ni 635, na "28" nyingi za Uholanzi ni 622. Tulimpigia fundi wa Masoko palepale. Akasema 559 anazo, 635 anazo, 590 mpaka aagize Dar. Basi tukanunua tairi moja na tyubu mbili za akiba, tukamkata muuzaji bei kwa sababu hiyohiyo.

Kwa kijana wa Mchinga au Njinjo anayebeba gunia la mkaa au ndoo za samaki, mimi bado nasema Phoenix. Ni nzito, lakini spea na fundi wake hutawatafuta sana. Gia hizo ni za mtu wa Lindi mjini anayekaa Mtanda: asubuhi unateremka kama jiwe, jioni unapanda na roho mkononi. Huyo gia tatu zinamtosha, ila breki asifanye mzaha nazo. Masoko ni tambarare, gia moja inatosha.

Adui mkubwa wa baiskeli pwani yetu ni chumvi. Ukiivusha kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, au ukipita nayo mchangani, siku hiyohiyo ioshe kwa maji baridi ya bomba, ikauke, cheni uipake mafuta ya cherehani. Ya kupikia yanaganda, na oili chafu ya gari inabeba uchafu unaosaga cheni. Bomba la siti la alumini ndani ya fremu ya chuma lichomoe kila baada ya miezi michache, lipake grisi, lirudishe. Ukilisahau, chumvi italishikisha, na siti haitapanda wala kushuka mpaka kiama.

Dada yangu alipoiona hiyo baiskeli aliizunguka bila kusema neno. Akagonga lile boksi la cheni kwa ukucha, akainama kutazama gurudumu la nyuma tulikofunga wavu wa kuzuia nguo. Kisha akauliza, "Na taa iko wapi?"

Ilikuwepo ya mbele, ya dinamo inayosugua tairi. Ya nyuma haikuwepo, na ya nyuma ndiyo dereva wa basi la usiku anayoiona, hasa kwenye barabara ya Nangurukuru. Kesho yake tukafunga moja nyekundu, ya kuchaji kwa chaja ya simu.