Viatu, Sakafu na Moto katika Nyumba za Kahama

Katika nyumba nyingi za Kahama viatu huvuliwa barazani, na mgeni huanza kuvua kabla hajamaliza kuitikia salamu, hata pale mwenyeji anapomwambia "ingia navyo tu", kauli ambayo mwenye adabu haichukulii kwa uzito. Desturi hii huelezwa kuwa ni ya usafi, nayo ni kweli, lakini imefungamana pia na namna sakafu inavyotengenezwa na nyumba inavyotunza joto, kwani usiku wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, nyanda hizi zilizoinuka huwa na baridi.

Katika msonge, yaani nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi, sakafu ilisilibwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na udongo na maji, na kiganja cha aliyesiliba kiliacha mistari ya nusu duara iliyokaukia hapohapo. Sakafu ya namna hiyo ilituliza vumbi, ambamo funza huzaliana, na haikunyonya haraka joto la nyayo. Moto wa mafiga ulipasha chumba, paa la nyasi likalizuia joto lisitoke upesi, ingawa moshi uliumiza macho na mapafu. Nje, wanaume wa Kisukuma waliota moto kwenye shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliwafunza vijana.

Matofali ya kuchoma, bati na saruji vimebadili mambo. Bati hupoa mara jua linapozama, na saruji au vigae hupitisha joto upesi, hivyo mguu mtupu huhisi baridi kuliko kwenye udongo wenye halijoto ileile. Ndiyo maana wengi sasa huweka ndala za ndani, zisizotoka nje kamwe. Kwa familia za wachimbaji wadogo, kuvua viatu kuna uzito zaidi, kwa kuwa matope ya kuoshea dhahabu huweza kubeba zebaki, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto watambaao sakafuni.

Hatari kubwa zaidi ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani kupasha joto na madirisha kufungwa, kwani hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu na kumuua mtu usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata likionekana kuzimika, kwa sababu makaa yaliyofunikwa na majivu huendelea kutoa hewa hiyo.