Nani Mkali wa Ngumi Afrika Mashariki, na Kwa Nini Unguja Haimo

Kila Canelo Álvarez anapopanda ulingoni, bwenini kwetu hakulaliki. Pambano linaisha alfajiri, ubishi unafika mpaka kipindi cha kwanza. Yupo anayeapa kwamba Meksiko haijazaa tena mtu kama Julio César Chávez, aliyepigana zaidi ya mapambano 80 bila kupoteza hata moja, na ambaye mwaka 1993 aliujaza uwanja wa Azteca watu zaidi ya 130,000. Mwengine hamkubali ila Salvador Sánchez, aliyemsimamisha Azumah Nelson wa Ghana raundi ya 15 mwaka 1982, halafu wiki tatu baadaye akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 23. Mimi nina 22, kwa hiyo likifika jina hilo huwa nanyamaza kidogo.

Lakini ukiuliza, "Na wetu je?", chumba kinapoa. Mmoja atasema Mwakinyo. Mwengine atamtaja Mandonga ili watu wacheke, na kweli, kama ingekuwa mashindano ya maneno Mandonga angechukua namba moja bila ubishi. Basi, hapo orodha imekwisha. Nimeona niipange mwenyewe, ya Afrika Mashariki nzima.

Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kwamba mwongozo wa usahihishaji huandikwa kabla ya kufungua karatasi ya kwanza. Ukianza kusahihisha bila mwongozo, utampa alama mtoto mwenye mwandiko mzuri. Kwenye ngumi, mwandiko mzuri ni mkanda. Watu wanaona dhahabu inang'aa kiunoni, wameandika "bingwa wa dunia", wanapiga makofi. Kumbe yapo mashirikisho manne ambayo dunia ya ngumi za kulipwa inayahesabu kwa uzito: WBA, WBC, IBF na WBO. Nje ya hayo yapo mengine chungu nzima, WBU, WBF na wenzao, na kila moja lina mkanda wake "wa dunia". Si kwamba mikanda hiyo ni feki. Ila wapinzani wakali kabisa wa uzito ule mara nyingi hawapo humo. Kwa hiyo mwongozo wangu una maswali mawili tu: ulimpiga nani, na ulimpigia wapi? Kushinda nyumbani mbele ya watu wako ni jambo zuri. Kushinda ugenini, majaji si wako na ukumbi mzima unakuzomea, hiyo ni habari nyengine.

Kwa mwongozo huo namba moja wangu ni Ayub Kalule wa Uganda, na najua wengi hapa hamumjui. Mwaka 1974 alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa kule Havana. Akahamia Denmark, akaingia kwenye ngumi za kulipwa, na mwaka 1979 akenda Japani kumvua Masashi Kudo mkanda wa WBA. Nyumbani kwa Kudo! Alipokutana na Sugar Ray Leonard mwaka 1981 alikuwa ameshinda mapambano 36 na hajapoteza. Leonard alimsimamisha raundi ya tisa, na kupigwa na Leonard wa miaka ile si aibu. Miaka minne baadaye, wengi wakidhani kachoka, alikwenda Italia akamshinda Sumbu Kalambay.

Na huyo Kalambay anastahili sentensi zake. Kazaliwa Lubumbashi, mji wa Waswahili wa Kongo, akawa raia wa Italia, na mwaka 1987 akatwaa mkanda wa WBA uzito wa kati. Kwetu Kiwengwa wageni wengi wa mahoteli ni Wataliano, na mara moja mzee mmoja wa kutoka huko alishangaa kusikia kwamba mtoto wa Zanzibar hamjui Kalambay. Nilienda kusoma habari zake siku hiyo hiyo.

Namba mbili ni Philip Waruinge wa Kenya, na hapa ndipo mwongozo unapofanya kazi. Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico City, alipoteza nusu fainali kwa pointi mbele ya Antonio Roldán, Mmeksiko aliyekuwa kwao na watu wake. Roldán akaondoka na dhahabu, Waruinge na shaba. Lakini kikombe cha Val Barker, anachopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote kwenye mashindano, hakupewa Roldán wala bingwa mwengine yeyote. Alipewa Waruinge, mtu wa shaba. Mwaka 1972 akarudi Munich akachukua fedha. Ukihesabu medali tu, utampita bila kumwona.

Baada yao nampanga John Mugabi, Mganda mwenye ngumi nzito kuliko wote niliowataja, aliyemfikisha Marvin Hagler raundi ya 11 mwaka 1986 na kuupata mkanda wa WBC mwaka 1989. Kisha Robert Wangila, dhahabu ya Seoul 1988, Mkenya pekee mwenye dhahabu ya Olimpiki kwa ngumi. Wangila alikufa mwaka 1994 kwa majeraha ya pambano lake Las Vegas. Wanaosema ngumi ni hatari hawasemi uongo, na hilo nalirudia mbele. Wa tano ni mwanamke, Fatuma Zarika wa Kenya, aliyekwenda Marekani mwaka 2016 akarudi na mkanda wa WBC. Aliyekuja kumvua mkanda huo mwaka 2019 ni nani? Mmeksiko, Yamileth Mercado.

Watanzania wenzangu msinirukie. Titus Simba ana fedha ya Jumuiya ya Madola ya 1970, na aliyemshinda fainali ni John Conteh, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Michael Yombayomba ana dhahabu ya Kuala Lumpur ya 1998, na ni ajabu kwamba jina lake halitajwi. Rashid Matumla na Francis Cheka walitupa raha nyingi, lakini mikanda yao ni ile ya WBU na WBF. Ushindi mmoja mkubwa wa Mtanzania ugenini kwenye ngumi za kulipwa, kwangu, ni ule wa Hassan Mwakinyo, Birmingham, Septemba 2018. Kaitwa dakika za mwisho kuziba nafasi, na Sam Eggington kamalizika raundi ya pili. Usiku mmoja tu, lakini usiku ule nauweka juu ya mikanda kadhaa.

Sasa Zanzibar. Hatuna mtu. Na sababu si mikono wala moyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati wa Mzee Karume, ngumi zilipigwa marufuku visiwani, na marufuku hiyo ilidumu mpaka mwaka 2022 ilipoondolewa chini ya Rais Hussein Mwinyi. Karibu miaka 60. Muda wote huo Makunduchi watu waliendelea kuchapana kwa migomba siku ya Mwaka Kogwa, na Pemba waliendelea kucheza na ng'ombe, ila glovu hapana. Wazee wengi wa kwetu bado wanaona marufuku ilikuwa na busara, na ukiwatajia habari ya Wangila wanakwambia, unaona? Nawaelewa. Lakini ilimaanisha kwamba babu, baba na kaka mkubwa wote wamekua bila ukumbi, bila kocha, bila refa wa kujifunza kwake. Mwanafunzi ambaye hakuruhusiwa kuingia chumba cha mtihani humwandikii sifuri, unamwandikia ABS. Kwenye orodha yangu, Unguja imeandikwa ABS.

Mwaka 2024 Mwakinyo alipigana New Amaan Complex na akashinda. Kijana mmoja wa mtaani kwetu Kiwengwa, ana miaka 19, anaelea mashua za watalii asubuhi na jioni anapiga gunia la mchanga alilolifunga kwenye mvinje. Kocha hana, anajifunza kwa simu. Glovu ni jozi moja, wanazivaa wanne kwa zamu. Nilipokwenda likizo aliniuliza, "Kaka, mkanda wa kweli ni upi?" Nikamwandikia yale majina manne kwenye karatasi, na chini yake jina la Kalule akamtafute.