Pima kwanza kabla ya kubadilisha kompyuta ya gari lako

MAKANIKA anapomwambia mwenye gari kwamba "kompyuta imekufa", maneno hayo aghalabu hupokelewa kama hukumu isiyokatiwa rufaa. Familia inayotegemea gari hilo kupeleka watoto shuleni na wazazi kazini huanza kutafuta pesa mara moja, kwani kipuri chenyewe ni ghali, na wauzaji wengi hawakubali kurejeshewa kifaa cha umeme kikishafungwa garini. Lakini mara nyingi hukumu hiyo hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Kompyuta inayozungumziwa hapa ni kisanduku cha kudhibiti injini. Hupokea habari kutoka kwa vihisi vinavyopima joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia, mzunguko wa krankishafti na hewa chafu inayotoka kwenye ekzosi. Kutokana na habari hizo, huamua petroli kiasi gani inyunyizwe na kila plagi itoe cheche wakati gani. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mfumo wake wa D-Jetronic, uliodhibiti petroli kwa umeme, mwaka 1967. Baadaye teknolojia hiyo iliifukuza kabureta katika magari ya abiria.

Kwamba kisanduku hiki kinaweza kuharibika si jambo la kubishaniwa. Mnamo Agosti 2010, Toyota iliyaita magari takriban milioni 1.13 aina ya Corolla na Matrix, ya miaka ya 2005 hadi 2008, yaliyouzwa Marekani na Kanada. Ilibainika kwamba nyufa zingeweza kutokea kwenye viungo vilivyolehemiwa ndani ya kompyuta za injini. Dalili zilikuwa taa ya injini kuwaka, gia kubadilika kwa kishindo, gari kukataa kuwaka na, katika visa vingine, injini kuzimika likiwa mwendoni.

Hiyo dalili ya mwisho ndiyo ya kuogopewa zaidi. Injini ikizimika barabarani, usukani huwa mzito, nao msaada wa breki huisha baada ya pedali kukanyagwa mara chache. Dereva aliyekuwa akipita lori katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa hana nafasi ya kujiuliza ni kifaa kipi kilichomwangusha. Kwa hivyo, gari linalozimika ovyo lisiendeshwe hadi chanzo kijulikane.

Ugumu ni kwamba dalili hizo zote zaweza kuletwa na kitu cha bei nafuu zaidi. Kihisi cha krankishafti kikichoka, injini huzimika. Waya wa ardhi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi la gari na betri, ukishika kutu, gari hukataa kuwaka. Fyuzi ikiungua au rilei kuu ikikwama, kompyuta nzima hunyamaza kana kwamba imekufa, ilhali imenyimwa umeme tu.

Hapa Kenya sababu za kushuku nyaya kwanza ni nyingi. Kanuni ya KS 1515:2000 huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajapita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Gari lililofika Mombasa likiwa na miaka saba, kisha likahudumu humu nchini kwa miaka kumi zaidi, lina nyaya zilizoshuhudia joto, vumbi, mtikisiko na pengine meno ya panya kwa miaka 17.

Wenye magari wengi, na hata baadhi ya mafundi, hukosea katika kusoma matokeo ya mashine ya kupimia hitilafu. Mashine hiyo haitaji kipuri cha kununua. Hutaja tu mahali pa kuchunguza. Alama ya P0335, kwa mfano, huelekeza kwenye saketi ya kihisi cha krankishafti. Saketi hiyo inajumuisha kihisi, nyaya zake, soketi na kompyuta yenyewe. Alama zinazoishtaki kompyuta moja kwa moja ni chache, zikiwemo P0601, inayohusu kumbukumbu yake ya ndani, na P0606, inayohusu kichakato chake. Hata hizo hazipaswi kuaminiwa kabla ya umeme wa gari kupimwa.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo ya ajabu. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6. Stata inapozungusha injini, kipimo kisishuke chini ya volti 9.6 hivi. Injini ikishawaka, altaneta katika magari mengi hutoa kati ya volti 13.5 na 14.5. Kiwango kikiwa chini mno, kompyuta huchanganyikiwa. Kikiwa juu mno, huenda ikaungua.

Baada ya betri, fundi hukagua fyuzi, rilei kuu na nyaya za ardhi. Huku ufunguo ukiwa umewashwa na vifaa vikitumia umeme, huweka ncha moja ya kipimo kwenye waya wa ardhi wa kompyuta na nyingine kwenye ncha hasi ya betri. Tofauti ikizidi volti 0.1 au 0.2, kuna kutu au bolti iliyolegea. Dawa yake ni msasa na spana.

Kisha huja volti 5 ambazo kompyuta huvipelekea vihisi vingi. Zikikosekana, fundi mwangalifu hachomoi kompyuta bali huchomoa vihisi hivyo, kimoja baada ya kingine. Volti 5 zikirejea baada ya kimoja kuchomolewa, mwenye hatia amepatikana, naye ni kihisi kilichokuwa kikivuta saketi nzima. Endapo umeme wote unaingia sawasawa, nyaya ni nzima na vihisi vinajibu, lakini kompyuta haitoi amri inayostahili, hapo ndipo yafaa kusema imeharibika.

Hata hivyo, bado swali moja limebaki: ni nini kilichoiharibu? Maji ni adui mkubwa, yawe ya mafuriko kama yale ya Aprili na Mei 2024 jijini Nairobi, au ya mpira wa shinikizo unaoelekezwa kwenye injini katika vituo vya kuoshea magari. Wengine huunganisha nyaya za betri kinyume wanapoazimana moto, au hulehemu bodi la gari bila kwanza kutenganisha betri. Kadhalika, koili ya kuwashia au nozeli iliyoungua ndani huweza kuunguza transista inayoiendesha. Ukifunga kompyuta nyingine bila kuondoa koili hiyo, utakuwa umenunua ya pili ili nayo iungue.

Chanzo kikishaondolewa, mwenye gari ana njia tatu. Ya kwanza ni kukarabati kibao cha saketi kwa fundi wa elektroniki mwenye uzoefu, hasa ikiwa tatizo ni kiungo kilichopasuka au transista moja. Waswahili walisema bura yangu sibadili na rehani. Kompyuta asili tayari inalitambua gari na funguo zake, hivyo ikiweza kuponywa, usumbufu huwa mdogo.

Njia ya pili ni kununua iliyotumika, na ya tatu ni kununua mpya kutoka kwa mwakilishi wa kampuni. Katika zote mbili, nambari ya kipuri ndiyo mwongozo. Kompyuta nyingi za injini za Toyota hubeba nambari inayoanza kwa 89661, za Nissan 23710 na za Subaru 22611. Tarakimu zinazofuata hutofautisha injini, aina ya gia na soko ambalo gari liliundiwa. Visanduku viwili vyaweza kufanana kwa umbo na soketi, lakini kimoja kikawa cha gia za mkono na kingine cha otomatiki. Linganisha nambari nzima, herufi kwa herufi.

Kikwazo kingine ni imobilaiza, kinga dhidi ya wizi ambayo huzuia injini kuwaka isipoitambua chipu iliyo ndani ya ufunguo. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998, na magari mengi ya Japani yanayoingia humu nchini pia yanayo. Kompyuta kutoka gari jingine itamkataa mwenyeji wake mpya hadi funguo zisajiliwe upya, au data ya kompyuta ya zamani ihamishiwe humo. Ndiyo sababu kompyuta ya zamani haipaswi kutupwa wala kuachwa gereji kabla ya kazi kukamilika.

Ufungaji nao una adabu yake. Ncha hasi ya betri hutolewa kwanza. Kwa kuwa kompyuta za magari mengi hukaa nyuma ya kijisanduku kilicho mbele ya abiria, karibu na mfuko wa hewa, ni busara kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote hapo. Fundi hushika chuma cha bodi ili kuondoa umeme tuli mwilini, hufungua soketi bila kuzilazimisha, na hukagua kama kuna pini iliyopinda. Baada ya kufunga, alama za zamani hufutwa, injini huachwa ijifunze upya mwendo wake wa kutulia kwa utaratibu wa mtengenezaji, kisha gari hujaribiwa barabarani na kupimwa tena.

Wanunuzi wa vipuri vilivyotumika, wawe katika maduka ya Grogan jijini Nairobi au kwingineko, wadai risiti yenye jina la muuzaji na nambari ya kipuri. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa ni kosa chini ya Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, basi, mwulize makanika maswali matatu: umepima volti ngapi na wapi, ni nini kilichoiunguza kompyuta, na funguo zitasajiliwa na nani? Fundi mwenye majibu anastahili ujira wake. Asiye nayo bado hajamaliza kupima, na haraka yake italipiwa na mfuko wako.