Kudurusu kwa Kufunga Daftari

Mwanafunzi wa kidato cha nne katika eneo la Ewuaso Kedong, kati ya Milima ya Ngong na Mlima Suswa, anapojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, mara nyingi hudurusu kama wenzake wengi duniani: husoma daftari tena na tena, akipigia mstari yaliyo muhimu, hadi kila ukurasa uzoeleke machoni pake. Mazoea hayo humdanganya, kwa sababu kutambua, yaani kuliona jambo na kuhisi kwamba linajulikana, si sawa na kukumbuka, yaani kulitoa akilini bila kulitazama, na mtihani hudai hili la pili.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu viwili, kimoja wakakisoma mara mbili, na kingine wakakisoma mara moja kisha wakaandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa vizuri zaidi. Baada ya wiki 1 mambo yaligeuka, kwani kile walichojipimia kilikumbukwa kwa takribani asilimia 56, na kingine kwa asilimia 42. Anayekesha akirudia kusoma usiku wa mwisho, basi, huvuna faida ya muda mfupi tu na kupoteza usingizi ambao ubongo huuhitaji ili kuimarisha kumbukumbu.

Kujipima huko huzaa zaidi kunapotawanywa, mada moja ikirudiwa baada ya siku mbili, kisha wiki, kisha mwezi, maana Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema, katika saa na siku za kwanza.

Kwa jamii ya wafugaji, kama ile ya Ewuaso Kedong, kujipima huku kuna uzito wa pekee, kwa kuwa kukumbuka hakuhitaji meza wala taa. Kijana anayechunga mbuzi wakati wa likizo ya Agosti aweza kujieleza kwa sauti hatua za usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, au kupanga nomino katika ngeli zake, kisha jioni afungue daftari na kuona alipokosea. Kosa hilo, likisahihishwa siku hiyohiyo, humfunza zaidi kuliko kurasa kumi zilizopitiwa kwa macho. Hata hivyo, hii isiwe hoja ya kumwongezea mtahiniwa kazi za nyumbani, hasa msichana anayeteka maji mbali, kwani yapo mambo, kama hesabu na insha, yasiyoweza kufanywa ila kwa kalamu, kwa utulivu.

Karatasi za mitihani iliyopita nazo zifanywe kwa saa, mwongozo wa kusahihisha ukiwa umefungwa. Walimu, kwa upande wao, waanze kila kipindi kwa maswali matatu ya wiki iliyopita, vitabu vikiwa vimefungwa, tangu mwanzo wa sekondari.