Soma Jina Kabla ya Kununua

Mnunuzi wa leso katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, hatosheki na uzuri wa rangi. Hata dukani kwa Kaderdina Hajee Essak, wenye chapa mashuhuri ya "Mali ya Abdulla", huikunjua leso, akalisoma jina lake, ndipo akatoa fedha. Anajua kwamba akishajifunga maneno yale, yatahesabiwa kuwa yake. Na jirani atakayeyasoma huenda akayachukua kuwa fumbo alilotupiwa yeye.

Sisi walimu na wanafunzi tunahitaji uangalifu huo katika tunayoyasikia na kuyatazama kila siku. Isimu, taaluma ninayoifundisha, inatuonyesha kuwa ulimi hufuata sikio: mtoto hupokea lugha ya wanaomzunguka, adabu na matusi yao pamoja. Mtume Muhammad (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mhunzi avukutaye moto. Kwa wa kwanza, hata usiponunua utapata harufu nzuri. Wa pili ama ataiunguza nguo yako, ama utapata harufu mbaya.

Leo simu ya mkononi ni rafiki ambaye wengi wetu tunakaa naye zaidi kuliko jamaa zetu. Dhihaka, ambayo Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imeikataza, hutufikia humo pasi na kuiomba, na kesho yake husikika darasani. Basi kabla ya kuisambaza, na tujiulize kama mnunuzi wa leso: je, maneno haya naridhia kuyavaa mbele za watu?